Mgombea akiahidi kupunguza bili ya stima kwa nusu, muulize atagusa mstari gani

*"Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp hatusikilizani tena. Tunaishi Nakuru na nyumbani kwetu tunatumia kama uniti 80 kwa mwezi. Mgombea mmoja alipita mtaani akasema chama chake kikishinda uchaguzi wa 2027, bei ya stima itashuka kwa nusu ndani ya siku 100. Kaka yangu anasema stima ni ghali kwa sababu ya miradi ya upepo na 'mambo ya wazungu ya tabianchi', na kwamba kile kiwanda cha makaa ya mawe cha Lamu kingejengwa tungekuwa tumeshapumua. Shemeji anasema Kenya haichafui hewa ya dunia, kwa hivyo tabianchi si jambo la kupigia kura. Mimi nataka kujua tu: ahadi hiyo inawezekana? Na nikipewa kipaza sauti kwenye mkutano, nimuulize nini?"*

Nusu ndani ya siku 100 haiwezekani, labda Hazina ya Taifa ikubali kulipa ile nusu nyingine. Kaka yako ameshika kipande cha ukweli, lakini amekielekeza kwa mtu asiye na hatia. Shemeji yako naye amekosea, na kosa lake huonekana kwenye bili yenu kila mwaka wa ukame. Tuanze na bili yenyewe, maana ubishi mwingi huishia hapo.

Ukinunua tokeni, ujumbe unaoingia kwenye simu huwa na tarakimu 20 za tokeni, idadi ya uniti na kiasi ulicholipa, kisha kiasi hicho hugawanywa mara mbili: TknAmt na OtherCharges. Cha kwanza ni bei ya umeme wenyewe, ile inayoitwa bei ya msingi. Cha pili ni furushi la tozo na kodi. Majukwaani utasikia kana kwamba furushi hilo ndilo mzigo wote. Silo.

Bei zilizotangazwa na mdhibiti, EPRA, mwaka 2023 ziliweka shilingi 12.22 kwa uniti kwa nyumba inayotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, shilingi 16.30 kwa inayotumia kati ya 31 na 100, na shilingi 20.97 kwa inayozidi 100. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu, na ukivuka mpaka, uniti zako zote hupanda bei, si zile zilizozidi tu. Mpango huo wa bei ulikusudiwa kudumu hadi Juni 2026, na viwango vyake viliweza kubadilika kidogo njiani, kwa hivyo ukipiga hesabu yako tumia bei inayotoka kwenye risiti yako ya sasa. Namna ya kuhesabu ni ile ile.

Uniti 80 mara 16.30 ni shilingi 1,304. Hiyo ndiyo bei ya msingi. Juu yake kuna tozo ya mafuta, ambayo hubadilika kila mwezi. Tuchukue shilingi 3.50 kwa uniti, inakuwa 280. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni, tuseme shilingi 1, inakuwa 80, na ya mfumuko wa bei, tuseme senti 50, inakuwa 40. VAT ya 16% juu ya hayo manne ni shilingi 272.64. Asilimia 5 ya bei ya msingi huenda kwenye usambazaji wa umeme vijijini, shilingi 65.20. EPRA inachukua senti 8 kwa uniti, shilingi 6.40, na ada ya rasilimali za maji haifiki hata shilingi 2. Jumla ni karibu shilingi 2,050, yaani kama shilingi 25.60 kwa kila uniti.

Sasa ipime ahadi. Futa VAT yote: bili inashuka kwa takriban 13%. Futa na tozo ya mafuta: mpunguo unafika 27%. Futa kila kitu kisichokuwa bei ya msingi, kodi, mafuta, dola, umeme wa vijijini, mdhibiti, maji: unabaki na zile shilingi 1,304, ambazo bado ni karibu 64% ya ulichokuwa unalipa. Hata mgombea angepewa panga afyeke furushi zima, hafiki nusu. Lazima aguse bei ya msingi, na humo ndimo walimojificha wenye nguvu.

Bei ya msingi inalipa nini? Inalipa mikataba ya kununua umeme kutoka kwa wazalishaji, mikopo iliyojenga laini kubwa za kusafirishia, nguzo na transfoma za mitaani, mishahara, na umeme unaopotea njiani. Kipande kikubwa kuliko vyote ni mikataba. Mzalishaji wa kibinafsi kwa kawaida halipwi kwa uniti alizouza peke yake. Hulipwa pia kwa kuwa tayari. Ni kama kukodi matatu kutwa nzima: abiria wapande wasipande, mwenye gari anadai pesa yake jioni. Malipo hayo ya kuwa tayari hupangwa kwa dola au euro, na mkataba huenda miaka 20 au zaidi.

Jopo lililoundwa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2021, likiongozwa na John Ngumi, liliikagua mikataba hiyo. Lilikuta KenGen, ambayo serikali ndiyo yenye hisa nyingi, ikiuza takriban 72% ya umeme na kupokea 48% ya malipo, huku wazalishaji binafsi wakiuza 25% na kupokea 47%. Jopo likapendekeza wastani wa bei ushuke kutoka shilingi 24 hadi 16 kwa uniti, karibu theluthi moja. Kumbuka kwamba hao walikuwa watu waliofungua mikataba yote mezani, wakiwa na baraka za rais aliyekuwa madarakani, na bado hawakusema nusu.

Halafu ikawaje? Januari 2022, miezi saba kabla ya uchaguzi, bei ilipunguzwa kwa 15%. Awamu ya pili ya 15% ilikuwa itokane na kujadili upya mikataba. Haikuja. Wazalishaji wana mikataba halali, nyuma yao wako mabenki waliowakopesha, na kuvunja mkataba kunapeleka nchi kwenye usuluhishi wa kimataifa. Pengo likabaki kwenye vitabu vya Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, serikali ikitarajiwa kulifidia. Nafuu ikaisha Desemba 2022, na Aprili 2023 bei zikapanda. Sisemi hivyo kulaumu chama chochote. Chama chochote kingekutana na ukuta ule ule. Ndiyo maana mgombea akitaja asilimia bila kutaja mkataba, mimi husikia neno "ruzuku", na ruzuku hulipwa na yule yule mwenye mita, kupitia kodi.

Tuje kwa kaka yako na upepo. Mradi anaoufikiria bila shaka ni ule wa Loiyangalani, Marsabit: mitambo 365, megawati 310. Ni kweli ulitugharimu pesa ambazo hatukupata umeme wake. Lakini tazama sababu. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, ila laini ya kuufikisha umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Mkandarasi wa laini hiyo, kampuni ya Kihispania ya Isolux Corsán, alifilisika kazi ikiwa haijaisha. Mkataba ulisema laini ikichelewa mwekezaji alipwe, na alilipwa, mabilioni ya shilingi. Upepo haukukosea chochote hapo. Kilichotuumiza ni kusaini mkataba wa kulipa kabla ya kuwa na uhakika wa waya. Kosa kama hilo linaweza kufanyika kwa makaa ya mawe, kwa nyuklia, kwa chochote.

Na Lamu? Kiwanda kilipangwa kuwa cha megawati 1,050. Mahakama ya mazingira, NET, ilifuta leseni yake Juni 2019, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari ilikuwa na mapengo. Weka mazingira kando kidogo tuongee pesa tu. Mwaka huo nchi nzima, saa inayotumia umeme mwingi kuliko zote, ilikuwa ikihitaji takriban megawati 1,900. Usiku wa manane mahitaji hushuka hadi karibu nusu. Kiwanda kimoja cha megawati 1,050 kingechukua usiku mzima peke yake, tena kwa makaa ambayo mwanzoni yangeagizwa Afrika Kusini kwa dola, kwa sababu yale ya bonde la Mui kule Kitui bado yako chini ya ardhi. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, ambao hatuuagizi kokote, ungeachwa upotee hewani. Na kiwanda kingelipwa kwa kuwa tayari, kiwake kisiwake. Bili yako ingebeba gharama mbili zaidi za dola. Sioni namna ambayo hilo lingekupumzisha.

Kuna kitu kimoja kaka yako anaweza kuniuliza kwa haki: mbona basi umeme wetu umetokana kwa karibu 90% na jotoardhi, maji, upepo na jua, na bado ni ghali? Jibu ni kwamba vyanzo hivi ni rahisi kuviendesha ila ghali kuvijenga. Mvuke haununuliwi, lakini kisima kinachimbwa kwa mkopo, na mkopo una riba ya fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Katikati ya mwaka ikarudi karibu na 129. Mstari wa fedha za kigeni kwenye bili ukapanda na kushuka nayo, hali hakuna tone la ziada lililopita kwenye bwawa la Masinga. Mgombea anayetaka umeme nafuu aongee na wewe kuhusu riba na shilingi kabla ya kuongea kuhusu mitambo.

Sasa shemeji. Ni kweli kwamba mchango wa Kenya katika gesi zinazochemsha dunia ni mdogo sana. Ila yeye anauliza nani aliyewasha moto, na moto umeshafika jikoni kwake. Mabwawa ya Mto Tana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanategemea mvua. Mvua zikikata, maji yanapungua, na mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu, Rabai na Thika inawashwa kujaza pengo. Mafuta yake yananunuliwa kwa dola na gharama inaingia moja kwa moja kwenye tozo ya mafuta ya mwezi unaofuata, na VAT juu yake. Ukame wa 1999 hadi 2000 ulituletea mgao wa umeme ulioumiza viwanda vibaya. Mwaka 2024 tukapata kinyume chake: mafuriko, Masinga ikafurika, na nguzo zikasombwa na maji. Kwa hivyo ndiyo, tabianchi ni suala la kupigia kura, hata kwa mtu asiyejali hewa ya Ulaya. Swali la kura ni hili: nchi itajenga nini ili ukame ujao usiwe bili?

Jibu la kiufundi lipo karibu nanyi sana. Jotoardhi haijali mvua. Olkaria iko kaunti yenu, na Menengai iko nyuma ya mji wenu. Lakini hapo pia pana somo la muda. Uchimbaji wa Menengai ulianza 2011, na mtambo wa kwanza kuuza umeme, wa megawati 35, ulianza kazi 2023. Miaka 12: visima, mikataba, dhamana za serikali, wawekezaji, laini. Anayesema atazindua megawati mia kadhaa ndani ya muhula mmoja aulizwe ziko kwenye hatua gani leo. Kama visima vimeshachimbwa, inawezekana. Kama bado ni ramani, atakuwa anakata utepe wa mtu mwingine au ataacha utepe kwa mrithi wake.

Jambo moja haligusiwi majukwaani kabisa, nalo ndilo linalonikera zaidi: saa. Kenya haina upungufu wa umeme kutwa nzima. Saa sita usiku kuna mvuke unaoachwa na upepo unaokataliwa. Saa moja na nusu jioni, watu wanapofika nyumbani na taa zote kuwaka, mfumo unabanwa hadi baadhi ya maeneo yanakatiwa. Mwaka 2025 mahitaji ya saa hiyo yalipita megawati 2,300. Kujenga mtambo mkubwa wa kuwaka saa 24 kwa ajili ya shida ya saa chache za jioni ni namna ya kununua tena ile matatu isiyo na abiria. Dawa za jioni ni betri kubwa za kuhifadhi umeme, laini za kuuziana na majirani, na bei inayotofautiana kwa saa. Ethiopia ilianza kutuuzia megawati 200 mwishoni mwa 2022 kwa senti 6.5 za dola kwa uniti, na laini ya Isinya kwenda Singida imetuunganisha na Tanzania. Magari na pikipiki za umeme tayari zina bei yake: shilingi 16 saa za kawaida na shilingi 8 usiku, kwa bei za msingi za 2023. Mgombea anayeahidi mabasi ya umeme na hajui yatachajiwa saa ngapi hajasoma karatasi zake.

Kipande kingine kinachoguswa kwa nadra ni upotevu. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, kati ya kila uniti 100 ambazo Kenya Power ilinunua, takriban 23 hazikufika kwenye mita inayolipa: nyingine ni joto la waya za zamani, nyingine ni wizi na mita zilizochezewa. Tuseme umeme unanunuliwa kwa shilingi 10. Ukipoteza 23%, kila uniti inayouzwa imekugharimu shilingi 12.99. Ukipoteza 15%, ni 11.76. EPRA haikubali upotevu wote ubebwe na mteja, lakini sehemu kubwa hubebwa. Hapa kuna shilingi moja na senti kadhaa zinazoweza kupatikana bila kuvunja mkataba wa mtu yeyote. Haina mvuto jukwaani, kwa sababu kuipata ni kubadilisha transfoma na kukabiliana na wanaovuta waya kiholela mitaani, ambao nao ni wapiga kura.

Kuhusu nani wa kuulizwa nini. Rais hapangi bei ya stima. EPRA hupanga, baada ya maombi na vikao vya wazi, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Rais anaweza kusukuma mikataba ijadiliwe na ruzuku itengwe. Mbunge anagusa VAT, na hilo si maneno matupu: VAT kwenye gesi ya kupikia iliwekwa 16% Julai 2021, ikashushwa hadi 8% mwaka 2022, ikaondolewa 2023, zote kupitia sheria za fedha. Ahadi ya aina hiyo unaweza kuishika mkononi: mstari unajulikana, sheria inajulikana, mwenye kura bungeni anajulikana. Gavana amepewa na Katiba usambazaji wa umeme na gesi katika kaunti na mipango yake, si bei. Gavana akikuahidi kushusha uniti, msamehe au msahau.

Ukipewa kipaza sauti, usimuulize kama anaunga mkono nishati safi. Atasema ndiyo. Muulize atagusa mstari upi wa bili na kwa shilingi ngapi kwa uniti. Muulize pesa hiyo itatoka mfuko gani wa bajeti na kwa miaka mingapi, maana ruzuku isiyo na mwaka wa mwisho huisha baada ya uchaguzi. Akitaja mtambo mpya, muulize malipo ya kuwa tayari yatakuwa kwa sarafu gani, na laini ya kuufikisha umeme imejengwa au bado. Dakika moja inatosha kwa maswali hayo, na mgombea asiyekuwa na majibu huonekana upesi. Akisema atakuletea majibu baadaye, si vibaya, mwandikie. Kama tayari yuko madarakani, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazipa ofisi za umma siku 21 za kukujibu.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia, na ambayo hayangoji uchaguzi. Kama uniti zenu 80 zilikuwa 50 mwaka jana na hakuna kifaa kipya nyumbani, zima kila kitu kwenye swichi kuu usiku mmoja na uone kama mita bado inapepesa taa. Ikipepesa, pengine kuna mtu amejiunga na waya wenu au mita ina hitilafu. Nendeni ofisi ya Kenya Power iliyo karibu mkiwa na namba ya mita na jumbe za tokeni za miezi mitatu, ombeni mita ipimwe, na mchukue namba ya malalamiko. Msifungue mita wenyewe: ni hatari na ni kosa la jinai. Mkiona mnazungushwa, ngazi inayofuata ni EPRA, kisha Mahakama Maalumu ya Kawi na Petroli. Na EPRA ikitangaza vikao vya kupitia bei, ambavyo hufanyika maeneo mbalimbali ya nchi, pelekeni hesabu ya bili yenu kwa maandishi, kwa sababu mdhibiti anatakiwa kuzingatia maoni yaliyowasilishwa kikaoni, na kundi la WhatsApp halimo kwenye faili lake.